Hewa Kwenye Mrija

12 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara mbili tangu nirudi chuoni. Mara zote mbili nimekuuliza habari za nyumbani, ukanijibu habari za matairi. Gereji imekula masikio yako, kwa hiyo tuandikiane kama zamani. Mkaza mjomba, Mwalimu wetu, msalimie sana. Mwambie amestaafu, aache kusahihisha mabango ya madukani.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa kiwanda cha kufulia mashuka. Kuanzia asubuhi mvuke unapanda mpaka najiona niko ndani ya birika. Nimezoea.

Uliniuliza likizo kama kweli chuo kikuu kizima kinaweza kumkalisha mtu miaka minne anatazama magoti ya buibui. Kinaweza. Buibui ana misuli ya kukunja mguu, lakini kwenye viungo viwili vikubwa vya mguu huo hana msuli wa kuunyoosha. Akitaka kuunyoosha, anabana sehemu ya mbele ya mwili, majimaji yanasukumwa hadi mguuni, na mguu unanyooka. Ndiyo maana buibui aliyekufa anajikunja. Presha imeisha. Ndugu zake, nge na wengineo, kila ukoo una namna yake ya kunyoosha mguu, na bado tunabishana babu yao wa kwanza alianza na ipi. Kazi yangu ni kujua kama kwa buibui presha peke yake inatosha anapokimbia, au kuna kitu kingine kinamsaidia.

Kwa miezi kumi na moja nimechoma sindano nyembamba mno kwenye buibui wakubwa wenye manyoya. Sindano imeungwa na mrija, mrija umeungwa na kipimo. Na jibu limepatikana: presha haitoshi. Akikimbia inapanda nusu tu ya inayohitajika. Maana yake ngozi ya kiungo chenyewe inasaidia kusukuma, kama springi. Profesa, msimamizi wangu, amekuwa akisema hivyo miaka kumi na tano bila kipimo cha kumuunga mkono, na sasa anacho. Makala yetu inakwenda kwenye jarida mwezi wa tatu, na jina langu ndilo la kwanza.

Mpwa wako,
Futi


2 Februari

Futi,

Marahaba. Binamu yako amejifungua pacha, wa kike wote wawili. Wanalia kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Kwa kuwa mimi sisikii, nimegeuzwa kitanda chao. Kila mtu akichoka na kelele ananipakatisha mimi. Mwalimu anakusalimu. Ameshika kalamu yake nyekundu anasubiri nimalize. Ukiona wino mwekundu humu ndani, ujue ni yeye.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa chini ya tipa. Nimefurahi. Tangu ukiwa mtoto unatembea na futi yangu ya kupimia, unapima mpaka mbuzi wa jirani, nilijua utaishia pabaya au pazuri sana.

Nina swali moja la kijinga. Huo mrija, mliutoa hewa?

Sisi tukifunga paipu mpya kwenye jeki ya tipa, kabla ya kunyanyua chochote tunalegeza nati, tunaacha oili itoke mpaka mapovu yaishe. Oili haibonyei. Hewa inabonyea. Ikibaki hewa ya ukubwa wa punje ya mchele tu, unasukuma huku, nguvu inaishia kuibana ile hewa, na kule inafika nusu. Geji inakuonyesha nusu, na wewe unaapa pampu imekufa. Ulipoandika "nusu tu", nywele zilinisimama.

Labda nyie mna utaratibu wenu. Mimi ni fundi wa matipa.

Mjomba


26 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hongereni kwa pacha. Nimewatumia vikofia viwili kwa mkono wa mwenzangu anayekuja huko. Nilivifuma mwenyewe, ndiyo maana havilingani.

Kuhusu swali lako, asante. Vifaa vyetu ni vidogo sana na havifanani na vya tipa. Mrija unajazwa na mtunza maabara, ambaye ni mtu makini, na Profesa aliukagua tulipoanza. Watu wengi wameshazipitia hizo namba. Naomba tusilirudie hilo.

Mvua imeanza. Mashuka ya kiwandani sasa yanakaushwa ndani, mvuke umepungua, na kwa mara ya kwanza nimeona kwamba ukuta ule ni wa kijani.

Futi


15 Machi

Futi,

Marahaba. Vikofia vimefika. Kimoja kimemfaa mtoto, kingine kimemfaa Mwalimu, anakivaa akifagia.

Nimeona umesema tusilirudie. Silirudii. Nikueleze jambo jingine kabisa.

Kabla hujaja kuishi kwetu, niliwahi kuletewa katapila lisilonyanyua koleo. Nikapima, nikasema pampu imekufa. Nilikuwa kijana, na watu walikuwa wameanza kuniita bingwa. Pampu mpya ikaagizwa kutoka mbali, kazi ya barabara ikasimama wiki sita, vibarua wakarudishwa makwao. Siku naifunga hiyo mpya, nikaona maungio ya paipu yana ufa mwembamba unaovuta hewa. Pampu ya zamani ilikuwa nzima. Nikabadilisha maungio na pampu kwa pamoja, katapila likanyanyua, wakanipigia makofi.

Sikumwambia mtu. Mwenye katapila alihamia mji mwingine akinisifu njia nzima. Hadi leo mtu akinisifu kwa kazi ile, naangalia pembeni.

Mwalimu amesoma hapa, anauliza hili linahusiana na nini. Nimemwambia sijui.

Mjomba


4 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Wiki saba ni nyingi. Nilikuwa nikianza barua naichana.

Nilijua siku ileile niliyosoma barua yako ya tarehe 2 Februari. Sikutaka kujua, lakini nilijua. Ndiyo maana nilikujibu kama karani wa benki. Hata makala ilipotumwa mwishoni mwa Machi nilitia sahihi huku nikijua.

Ile ya katapila haikuniacha. Jumamosi moja mchana nikaingia maabara peke yangu. Nikajaza mrija maji yenye rangi ya buluu, nikauweka chini ya hadubini na kuufuata taratibu kuanzia kwenye sindano. Kilikuwa nyuma ya valvu, pale mrija unapoingia kwenye kipimo. Kiputo kimoja cha hewa, kidogo kuliko punje ya mtama, kimejibanza kwenye pembe ambayo kwa macho matupu huioni. Kila tulipojaza mrija, kilizaliwa palepale. Nikakitoa. Nikachukua buibui niliyempima wiki iliyotangulia, nikampima tena. Presha ilipanda karibu mara mbili. Nikarudia mara sita nikiomba namba ibadilike. Haikubadilika. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la vioo, mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama naumwa.

Siku nne sikumwambia mtu. Ya tano nikaenda ofisini kwa Profesa na daftari langu. Nilimwonyesha namba za zamani na mpya, nikamchorea pembe ile. Alisoma taratibu, akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi kama mtu anayezuia zisipeperuke.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ungeweza kuniambia, na ungeweza kutoniambia."

"Nimeshakuambia, Profesa."

Nilidhani atanifukuza. Kisha akawasha kompyuta na kuwaandikia wenye jarida, mbele yangu, kwamba tunaiondoa makala kwa sababu vipimo vina kasoro. Mtu aliyesubiri miaka kumi na tano. Alipomaliza akaniambia maneno machache tu: niliyopaswa kusema Jumamosi nimeyasema Alhamisi, asingependa iwe hivyo tena.

Nafasi yangu hapa inaisha Novemba. Kwa hiyo naanza upya. Wanyama arobaini, mrija mpya usio na pembe, ninaoujaza mwenyewe. Profesa anaona muda hautoshi. Nimemwambia nitaweza. Sijui nimetoa wapi uhakika huo, lakini neno limeshanitoka na silirudishi.

Ulikuwa sahihi, Mjomba. Imenichukua miezi mitatu kuandika maneno hayo matatu.

Futi


29 Juni

Futi,

Marahaba. Barua imefika. Umefanya vema kuliko mimi.

Nimeumia mkono. Spana iliteleza. Si kitu. Ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Endelea. Usisimame.

Mjomba

*(chini yake, kwa wino mwekundu)*

Mwanangu, hakuna spana. Ni kiharusi, tarehe kumi na moja Mei, asubuhi, akivaa viatu. Upande wa kulia, mkono na mguu. Kusema anasema. Mistari hii ameiandika kwa mkono wa kushoto siku tatu, na amenikataza kukwambia. Kazi yangu ni kusahihisha makosa, na hili la kukuficha ni kosa. Mwalimu.


10 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma yote, ya buluu na mekundu. Usimgombeze Mwalimu. Ukimgombeza nitajua, maana ataniandikia.

Nina hasira na wewe na nimeshindwa kuipunguza, kwa hiyo naiandika kama ilivyo. Mtu anayejua presha ya kila paipu ya kila gari mjini, anaacha dawa zake za presha kabatini juu ya sukari. Niliziona Desemba, nikakuuliza, ukasema unameza. Hukuwa unameza.

Nimeshapima kumi na saba kati ya arobaini. Tangu barua yako ifike nikimwona mmoja wao amekunja mguu kwenye boksi nakufikiria wewe, naona ni jambo lilelile, kwamba

Naacha hapo. Nimeomba ruhusa ya mwezi mzima wa Agosti. Profesa hajakataa, amesema tu kwamba nikiondoka mwezi mzima sitafikisha arobaini, na bila arobaini hakuna tasnifu mwaka huu. Nimemwelewa. Nakuja.

Futi


26 Julai

Futi,

Marahaba. Usije.

Naandika mwenyewe, Mwalimu nimemtuma sokoni. Ningeweza kusema usije kwa sababu ya buibui wako, ungekubali, lakini mwaka huu tumeshadanganyana vya kutosha. Sababu ya kukukataza ni mimi mwenyewe. Mama yako alipozikwa ulikuwa na miaka tisa. Dada yangu pekee. Ulikataa kutembea, nikakubeba mgongoni kutoka makaburini hadi nyumbani, ukalala njiani. Sasa hivi nikitaka kwenda msalani mtu ananishika kwapani. Huyo mtu hatakuwa wewe. Si kwa sasa.

Dawa nilikuwa simezi, ni kweli. Sina la kujitetea. Sasa nameza, Mwalimu anasimama mbele yangu mpaka aone nimemeza, halafu ananiambia nifungue mdomo. Mimi, mume wake kwa miaka thelathini na nane.

Hospitali kuna dada wa mazoezi ya viungo, mfupi, hacheki. Anasema mguu utarudi kwa kiasi, mkono hajui. Nanyanyua mguu mara hamsini asubuhi na hamsini jioni. Sijaruka siku. Mkono wa kulia nauweka juu ya meza nauamuru vidole vifunguke. Kidole gumba kimetii mara mbili.

Na ule mstari ulioukatiza nimeujua mwisho wake. Usije ukauandika tena. Mguu wangu na wa buibui si kitu kimoja. Buibui hakupuuza dawa.

Timiza arobaini. Niletee namba. Namba hazinihurumii, ndiyo maana nazipenda.

Mjomba


12 Oktoba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pacha wametimiza miezi minane na nusu, wameanza kutambaa, mmoja anakwenda kinyumenyume tu. Binamu ameniletea picha. Kwenye moja uko nyuma, umekaa, na mkono wako wa kulia umeshika kikombe. Labda uliwekewa kwa ajili ya picha. Sijamuuliza mtu.

Nilikutii. Begi lilikuwa limeshafungwa, nikalifungua, nikarudisha nguo moja moja kabatini nikilia kwa hasira. Sijui nilikuwa namlilia nani. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa maabara.

Namba hizi hapa. Arobaini nimewatimiza. Wawili walitoroka kabla ya kupimwa. Mmoja hatujamwona tena, mwingine Profesa alimpata ndani ya kiatu chake cha mvua, akaja nacho maabara akiwa na mguu mmoja peku. Nikakamata wengine wawili, nikapima. Kila mnyama nimempima mara kumi, na kila mara nimekagua mrija chini ya hadubini kabla na baada. Kati ya arobaini, presha imetosha kunyoosha miguu kwa thelathini na saba, hata wakikimbia kwa kasi zaidi. Watatu sindano ilitikisika, nimewaondoa na nimeandika kwamba nimewaondoa.

Kwa hiyo springi haihitajiki. Si kwa hawa. Nimepata kinyume kabisa cha kile nilichokutambia Januari. Huenda babu yao wa kale, kama kweli hakuwa na msuli wa kunyooshea mguu, hakuwa kilema kama tulivyodhani, huenda alikimbia vizuri tu. Nasema huenda. Nge sijawapima.

Nilikuwa naogopa jinsi Profesa atakavyozipokea namba hizi. Juzi alinirudishia rasimu ya makala mpya. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameongeza sentensi kwa mkono wake: dai ambalo mwandishi wa pili amelitetea kwa miaka mingi halikubaliani na vipimo hivi. Mwandishi wa pili ni yeye. Nilimuuliza kama ana hakika anataka iwe wazi hivyo. Akasema iwe wazi hivyo.

Natetea tasnifu tarehe 24 Novemba, mbele ya maprofesa watano, na mmoja wao ameandika kitabu kizima juu ya springi. Ninajiandaa. Kila jioni nasimama mbele ya dirisha nauelezea ukuta wa kijani mpaka niweze kujibu bila karatasi.

Basi la tarehe 28 linafika huko saa nne asubuhi. Safari hii sikuombi ruhusa. Mimi nilikuficha, wewe ukanificha, tumetoka sare. Ukifunga mlango nitakaa barazani na begi langu, majirani waulize. Na ikibidi kukushika kwapani, nitakushika, na utanyamaza.

Futi


5 Novemba

Futi,

Marahaba.

Kile kikombe nilikishika mwenyewe. Kilikuwa kitupu, lakini nilikishika.

Namba nimezisoma mezani na Mwalimu, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye wale watatu uliowaondoa na kuandika kwamba umewaondoa, niliacha kusoma kwa muda. Mwalimu akauliza kuna nini. Nikamwambia hapa hakuna cha kusahihisha. Huyo mwenye kitabu cha springi usimwogope. Mwonyeshe ile pembe ya mrija, kisha nyamaza, umwache atazame.

Gereji wameniwekea kiti mlangoni. Chini ya magari siingii tena. Gari likija wananisogeza, naweka kiganja cha kushoto juu ya pampu inapozunguka, nawaambia kuna nini ndani, wao wanafungua. Mwezi huu nimekosea mara moja, na niliwaambia watu wote wa gereji kwamba nimekosea, pamoja na mwenye gari. Alikasirika. Kesho yake alirudi na gari jingine.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule wa katapila. Anwani yake nilikuwa nayo miaka yote. Hajajibu, na sina haki ya kutaka ajibu.

Sasa sikiliza habari ya tarehe 28. Mlango sifungi. Kutoka hapa hadi stendi ni hatua mia tisa za mtu mwenye fimbo, Mwalimu amezihesabu. Mwezi wa tisa niliweza hatua arobaini. Juzi nimefika mia sita, kwenye kona ya duka la vioo, nikaanguka, nikanyanyuka, nikarudishwa kwa gari. Zimebaki siku ishirini na tatu. Nimekataza mtu yeyote asiniletee gari. Mwalimu atabeba kiti cha plastiki na kukificha nyuma ya kibanda cha tiketi. Anadhani sijui. Wewe ukikiona, jifanye hujakiona.

Basi likisimama utaniona upande wa pili wa uwanja. Nakufahamu, utataka kukimbia. Usikimbie. Weka begi chini, usimame hapohapo mlangoni pa basi, hata watu wakikusukuma.

Nitakuja mimi.

Mjomba